Kituo cha Malaika

Marta alinipigia simu asubuhi nikiwa uani, napepeta mtama wa kuku. Hakuzunguka. "Shikamoo mwalimu. Baba amepumzika jana mchana. Tunazika keshokutwa, nyumbani Bashay." Nikaitikia marahaba kwanza, maana kwa watu wale hata msiba hauruki salamu, kisha nikaipindua ndoo nikaikalia, na kuku wakala mtama pamoja na makapi yake. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nakaa Hanang, si mbali na Gehandu alikoolewa Marta, na kutoka hapa hadi kwa baba yake ni safari ya nusu siku tu. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo nilifika pale mara za kuhesabu kwa vidole: harusi ya Marta, mazishi ya mama yao, na Idi moja nilipowapelekea pilau. Kila mara nilikula, nikacheka nao, kisha nikatafuta sababu ya kuondoka mapema. Wenzangu wanaoandika maisha yao huanza na babu zao na mahali kitovu chao kilipozikwa. Wa kwetu Kondoa watanisamehe. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, na mtoto wa miaka sita niliyemdanganya nikiwa na nia njema kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepangiwa shule ya Bashay, huko Mbulu. Nyumba ya walimu ilikuwa na kuta lakini haina bati, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa Baba Marta, mkulima na mzee wa kanisa, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu na jiko la pembeni. Chumba nilichopewa kilikuwa ghala la vitunguu saumu. Walihamisha magunia, lakini mafungu yaliyokuwa yakikauka yalibaki yakining'inia darini juu ya kitanda changu, na ndani ya wiki moja shuka, madaftari na hata ushungi wangu vilikuwa vinanuka saumu. Ramadhani ilipoingia, watoto wa darasa la sita waliona wamepata riziki ya bure: mwalimu amefunga saumu, mwalimu ananuka saumu, basi mwalimu aitwe Mwalimu Saumu. Niliwapigisha magoti wawili wao na jina likabaki. Leo hii nikikata kitunguu saumu jikoni kwangu, harufu hunirudisha moja kwa moja kwenye chumba kile, na kwenye baridi ya Mbulu, ambayo mtu wa Kondoa hajaandaliwa kwayo na mzazi wala na serikali. Nililala na soksi mbili na sweta, na asubuhi nilinawa uso kwa ncha za vidole.

Baridi ndiyo iliyonipeleka kwenye ibada yao, wala sitasingizia jambo lingine. Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa na chemli ikishawashwa, familia ilikusanyika jikoni kabla ya kula. Watoto wakubwa wawili walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani walikuwa wanne: Baba Marta, Mama Marta, Marta mwenyewe aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, na Naomi wa miaka sita, mwenye meno mawili ya mbele yaliyokwishang'oka na maswali yasiyokwisha. Siku za kwanza nilibaki chumbani nikisikia nyimbo zao za Kiiraqw kupitia ukuta wa udongo. Mama Marta hakuvumilia. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini kilikata. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, sisi hatuli watu. Njoo moto." Nikaenda, nikapewa kigoda upande wa mafiga, na mgongo wangu ukapata joto kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye gari.

Tatizo lilikuwa saa. Wakati wao wa ibada uliangukia kwenye magharibi yangu. Nilikuwa nikiswali haraka haraka huku wao wakiimba, nikiingia jikoni nimechelewa na nimekosea rakaa. Baba Marta aliona. Baada ya siku kadhaa, jioni moja, akaniuliza, "Mwalimu, sisi tunakuvuruga?" Nikakana. Akatikisa kichwa. "Hapana, tunakuvuruga. Tangu leo tunakungoja. Viazi navyo havijaiva." Kuanzia siku hiyo Naomi alipewa kazi ya kuchungulia chini ya pazia la chumba changu. Nikigeuza shingo kutoa salamu za mwisho, nilisikia miguu yake ikikimbia uani na sauti yake ikitangaza, "Amegeuka kulia! Amegeuka kushoto! Amemaliza!" Jirani wote walijua nimemaliza. Nimeishi baadaye na watu wa dini yangu mwenyewe ambao hawakuningoja hata kwa chai.

Ibada ile haikuwa ndefu. Wimbo mmoja, somo moja kutoka kwenye Biblia lililosomwa kwa Kiswahili, halafu maswali. Maswali ndiyo niliyoyapenda, pengine kwa sababu ya kazi yangu. Baba Marta aliuliza akiwa ameweka mikono magotini, sauti ya chini kabisa. "Nani analinda mlango wetu?" Watoto: "Bwana!" "Na mbwa?" Naomi, kwa nguvu zake zote: "Mbwa anasaidia!" Na mbwa, aliyelala kizingitini, alipiga mkia chini. Yule mzee hakuwahi kuwacheka watoto kwa hofu zao. Marta aliogopa chemchemi wanakochota maji, kwa kuwa shuleni waliambiana kuna kitu majini. Baba yake hakumwambia ni upuuzi. Alimwambia, "Ukiogopa usikimbie, utamwaga maji. Taja jina la Yesu, jaza ndoo, rudi nyumbani. Yeye ametangulia pale kabla yako." Kulikuwa na bibi mmoja jirani aliyesemwa kijijini kwamba ana jicho baya. Baba Marta aliwafundisha watoto kumwombea kwa jina lake, na mara mbili kwa wiki Marta alimpelekea maziwa. "Ukimwombea mtu na ukimpelekea maziwa, utamwogopa mpaka lini?" aliuliza. Mimi niliyekulia kwenye hofu za kujifungia ndani nilikaa kwenye kigoda changu nikajifunza pamoja na watoto.

Mwisho ulikuwa sala yake, na sala hiyo ilikuwa orodha. Alitaja kila mtu kwa jina: mkewe, watoto wa bweni, Marta, Naomi, mtoto aliyekuwa tumboni, dada yake wa shamba la pili, ng'ombe wote, punda, na kisha, "na mwalimu wetu Zainabu, na mama yake kule Kondoa." Mara ya kwanza niliposikia mama yangu akitajwa mbele za Mungu na mtu asiyemjua, nililazimika kuinama nijifanye napuliza moto. Baada ya orodha yalifuata maneno yaleyale kila siku: "Malaika wako afanye kituo hapa kwetu mpaka asubuhi. Amina." Ni Kiswahili cha zamani, cha wazee wa kanisa. Kufanya kituo ni kupiga kambi, kukaa mahali na kulinda. Lakini pale kijijini neno kituo lilikuwa na maana moja tu inayojulikana na kila mtoto: mahali pale barabarani, mbele ya duka la chumvi na mafuta ya taa, ambapo basi lilisimama asubuhi. "Naenda kituo," watu walisema, na wewe ulijua wanasafiri. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili, tena nilikuwa najisifu. Kwa miezi saba nilisikia sentensi ile na haikunijia hata siku moja kuuliza watoto wanaielewaje.

Ilikuwa mwezi wa saba, Jumapili, ukungu haujaondoka hata mchana, Mama Marta alipoanza kuumwa. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilimkuta ameegemea ukuta wa jiko, uso umekuwa wa kijivu, naye ananiambia nimwangalizie maharage yasiungue. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu saumu alikuwa na pikapu, na kabla ya saa tisa walikuwa wamemlaza nyuma juu ya magunia na mablanketi kumpeleka hospitali, mbali. Baba Marta alipanda pamoja naye. Kabla gari halijaondoka aliniita pembeni. "Mwalimu, dada yangu atakuja kulala na watoto na kukamua. Lakini hasomi. Ibada isikatike. Marta ataomba, wewe uwasomee tu." Kisha, kana kwamba ameona kilichonipita usoni, akaongeza, "Kama ni mzigo, sema. Watoto wataimba tu, inatosha." Nikamwambia si mzigo. Nilifikiri mama yangu angesema nini, nikaona kwamba mama yangu, aliyekuwa ametajwa jikoni mle kila jioni bila kujua, angesema nisome.

Nikasoma. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nilishika kile kitabu kwa mikono miwili kama kitu cha watu nilichoazimwa. Marta aliomba, akijaribu kufuata orodha ya baba yake, akasahau punda, akarudi kumtaja. Shangazi yao alikaa mlangoni akiwa amejifunika shuka, mwanamke mkimya wa kazi nyingi. Watoto hawakula. Hilo ndilo lililonishinda. Jumatatu, ugali ukiwa umepoa mbele yao na maziwa yameganda utando juu, Naomi aliniuliza, "Mwalimu, mama atarudi na mtoto?" Nilikuwa nimechoka, nimefundisha madarasa mawili kwa pamoja siku nzima, na nilitaka wale. Na mimi ni mwalimu: swali likiulizwa, mkono wangu huenda kwenye ubao wenyewe. Nikamjibu, "Mkiomba kila siku bila kukosa hata siku moja, hakuna baya litakalomgusa mama wala mtoto. Haya, kula." Akala. Akala mpaka akafuta sahani. Nikajiona nimefanya kazi nzuri sana.

Baba Marta hakuwahi kusema kitu kama hicho. Nimeipitia miezi ile kichwani mara nyingi na naweza kuapa. Aliwafundisha kuomba, kutaja majina, kutoogopa maji wala jirani. Hakuwahi kuwaambia kwamba ukikosa siku moja mtu atakufa. Hilo lilikuwa langu, nililitunga mwenyewe kwenye kigoda, kati ya mafiga na sahani ya ugali, kwa sababu jibu la haraka ni tamu mdomoni mwa anayelitoa.

Jumatano kulikuwa na mkutano wa walimu Dongobesh. Nilitegemea kurudi jioni, lakini lori tulilopanda liliharibika kabla halijatoka hata mjini, na nikalala kwa mwalimu mwenzangu. Sikuwa na namna ya kupeleka habari. Nilijiambia Marta ataomba peke yake. Alhamisi asubuhi nikapanda basi la kwanza. Tulipofika kijijini kwetu ukungu ulikuwa bado mzito kiasi kwamba duka lenyewe halikuonekana vizuri, na mtu wa kwanza niliyemwona niliposhuka alikuwa Naomi. Alikuwa peke yake, amevaa sweta la Marta lililomfika magotini, chupa ya maziwa imekumbatiwa kifuani. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye mlango wa basi. Konda alikuwa anacheka. "Mwalimu, huyu mtoto wenu ameniuliza kama nimembeba malaika. Nimemwambia leo nimembeba mwalimu tu, malaika labda kesho." Basi likaondoka, naye akaendelea kulitazama mpaka likapotea.

"Naomi, unafanya nini hapa?"

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Shangazi anajua uko hapa?"

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa baridi. "Namsubiri malaika. Baba anasema anafanya kituo hapa kwetu mpaka asubuhi. Nimekuja kabla hajaondoka." Nikachuchumaa ili nimsikie vizuri. "Unamtakia nini?"

"Nimwambie apande gari aende hospitali kwa mama. Asikae kwetu. Sisi tuna mbwa."

Nikamuuliza maziwa ni ya nani. Akasema ni ya malaika, ya njiani, hospitali ni mbali. Nilivua mtandio wangu mzito nikamfunga nao, na nilitaka kumpakata lakini alikuwa amekakamaa. Kisha akasema lile jambo, akiangalia chini: "Jana hatukuomba. Marta alilala, kichwa kilimuuma. Shangazi akasema tulale. Nilimwambia mwalimu amesema kila siku, akasema Mungu anajua." Akaikumbatia chupa zaidi. "Mwalimu, imeharibika?" Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Hakukuwa na mtu barabarani, muda ulikuwepo, maneno yalikuwa machache tu: hapana, mimi nilikosea, haiko hivyo. Lakini nilikuwa na njaa, nimelala vibaya, na niliona aibu kujisahihisha mbele ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia, "Twende, utachelewa shule." Nikamshika mkono tukapanda kilima kidogo kidogo, naye akiwa ameishika ile chupa kwa uangalifu isimwagike.

Baba Marta alirudi Jumamosi jioni, kwa miguu kutoka barabarani, kofia mkononi. Alituambia akiwa amesimama: mama yuko hai, atarudi wiki ijayo akipata nguvu, mtoto hayupo. Alikuwa wa kiume, wamempa jina Yohana, wamemzika kule kule. Shangazi akaenda nyuma ya nyumba. Marta akalia kwa sauti. Naomi hakulia. Niliswali, nikaingia jikoni, nikakaa kwenye kigoda changu, na ibada ikaanza kama siku zote kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya badala yake. Wimbo ulipokwisha na kabla baba yake hajafungua kitabu, Naomi aliuliza, "Baba, mtoto amekufa kwa sababu Jumatano hatukuomba?"

Mzee yule aliweka kitabu chini. "Yohana alizaliwa Jumanne mchana," alisema. "Hakulia. Jumanne mliomba?"

"Tuliomba."

"Na Jumatatu?"

"Tuliomba."

"Basi si Jumatano, mwanangu."

Naomi akafikiri, nami nilimwona akifikiri, uso wake mdogo ukiwa umekunjamana. "Basi malaika alikuwa wapi?"

"Sijui," Baba Marta akasema. Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo jikoni mle. "Na mimi nilimwuliza Mungu hivyo hivyo, kule hospitali. Sijui. Naendelea kumwuliza." Alijipangusa macho kwa kiganja, wazi mbele ya watoto, bila kugeuka. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Lakini nani alikuambia kwamba ibada ikikatika mtu anakufa?"

Naomi aliinua macho akanitazama. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Alinitazama muda wa kutosha kabisa kwa mtu mzima kufungua mdomo wake na kusema ni mimi. Kisha akamgeukia baba yake. "Hakuna," akasema. "Niliwaza mwenyewe." Baba yake akamvuta akamkalisha mapajani, akaanza orodha, akataja kila mmoja, na penye jina la mtoto aliyekuwa tumboni akataja Yohana, akamshukuru Mungu kwa siku alizokuwa nasi. Akanitaja na mimi. Nikaitikia Amina pamoja nao, uso wangu ukiwaka, na wala si kwa moto.

Mama Marta alirudi mwembamba, kanga yake ikimzunguka mara mbili, na kwa wiki kadhaa nilimsaidia kupika na kuchambua mboga. Mara nyingi nilikaribia kumwambia. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Hanang, nikafunga sanduku langu lenye harufu ya saumu, na familia nzima ikanisindikiza barabarani na debe la viazi. Nilijipa sababu zangu. Mtoto atasahau. Baba yake amekwisha kumjibu. Mimi mgeni wa dini nyingine, nikianza kueleza nilifundisha nini kwenye ibada yao, nitaleta mashaka ambayo hayakuwepo. Sababu hizo zote zilikuwa na uzito, lakini nilijua mwenyewe kwamba nilikuwa nalinda jina langu la mwalimu mwema wa watoto wa watu. Naomi alisoma, akawa muuguzi, akapangiwa kazi mkoa mwingine, na katika zile safari zangu chache hatukukutana peke yetu hata mara moja. Nilihakikisha hivyo.

Msibani, siku ya pili baada ya kumzika Baba Marta, nilimkuta jikoni anamenya viazi. Jiko sasa ni la matofali na lina dirisha. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzito kidogo, mwenye mikono ya haraka ya watu wa hospitali. Nikachukua kisu nikakaa karibu naye. Tulimenya karibu karai nzima kabla sijapata ujasiri, na nilipoupata nilisema bila kupamba. "Naomi, mwaka ule mdogo wako alipofariki. Yale ya ibada kutokukatika, ni mimi niliyekuambia. Na baba yako alipouliza, nilinyamaza."

Hakuacha kumenya. "Najua, mwalimu. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukunitaja?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ningemtaja mwalimu wangu mbele ya baba?" Akatupa kiazi kwenye maji. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, sauti ambayo nadhani huwapa nayo wagonjwa habari zao: "Baba aliposema hajui, nilidhani ananihurumia. Nilidhani anajua kwamba ni sisi, ila hataki nijue. Niliamini hivyo mpaka kidato cha tatu. Kila siku niliyosinzia bila kuomba nilihesabu nani atakufa. Ndipo siku moja nikamwuliza mama, akaniambia mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni tangu Jumamosi, kabla hata pikapu haijaitwa. Kabla hujatusomea hata mstari mmoja."

Tangu Jumamosi. Nikaweka kisu chini. Miaka yote nilikuwa nimejilaumu kwa kumtia mtoto hofu ya mwaka mmoja, pengine miwili. Sikuwahi kuhesabu mpaka kidato cha tatu. Nilimwambia anisamehe, na nililia, mwanamke mzima na miwani yangu, machozi yakidondokea maganda. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize. "Nilikusamehe zamani," akasema. "Kilichoniuma ni kwamba nilidhani umesahau." Akanipa upande wa kanga yake nijipanguse. Kisha akamwita binti yake wa mwisho, Eliza, aliyekuwa uani, mtoto mwembamba mwenye macho ya bibi yake mzaa mama. "Mwalimu, jioni hii kwenye ibada utakaa na huyu. Tangu babu yake azikwe anauliza mambo, na mimi naishiwa. Ila akikuuliza kitu, nakuomba, usimjibu haraka."

Jioni sebule ilijaa, watu wakakaa mpaka mlangoni. Eliza alinisalimia shikamoo bibi, akajibana pembeni yangu kwenye mkeka, na wakati wakubwa wakitafuta ukurasa wa wimbo alinivuta mkono wa gauni. "Bibi, Babu ndiye aliyekuwa anatutaja wote. Sasa nani atatulinda?" Jibu lilinijia papo hapo, zuri, limenyooka, la kuandikwa ubaoni. Nikalimeza. Nikainama mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake, nikamuuliza anaogopa nini hasa. Akafikiri kwa muda mrefu. Wakaanza kuimba, naye akaanza kunieleza, moja baada ya jingine, na mimi nikamsikiliza mpaka alipomaliza.